Maswali ya Wasomaji: Rangi na Jirani Yake

Barua nyingi zilizofika mezani mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi wa usanifu wa michoro walioko Nakuru, Kisumu, Kakamega na Kisii, na karibu zote zinauliza kwa namna mbalimbali ni rangi gani inayopatana na rangi gani. Nimechagua chache nikazifupisha bila kugeuza maana yake. Atakayesoma majibu yote ataona kwamba ninalirudia sana suala la mwanga wa rangi, yaani iko karibu kiasi gani na nyeupe au na nyeusi. Nimefanya hivyo makusudi, kwa kuwa naamini mwanafunzi anayejifunza kupima mwanga kabla ya kuhangaikia kama rangi ni nyekundu au kijani huwa amevuka sehemu ngumu zaidi ya somo hili.

Mwalimu, pokea salamu zangu. Tangu shule ya msingi nimefundishwa kwamba rangi za msingi ni nyekundu, manjano na buluu. Chuoni nimeambiwa kwamba tarakilishi hutumia nyekundu, kijani na buluu, kisha mkufunzi wa uchapishaji akaja na sayani (buluu inayoelekea kijani), majenta (nyekundu inayoelekea zambarau), manjano na nyeusi. Kati ya hawa watatu, nani anasema kweli?
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Kisumu

Jibu: Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu tofauti, na kosa huanza pale wanapochukuliwa kana kwamba wanabishana juu ya jambo moja.

Tuanze na mwanga. Mwaka 1672 Isaac Newton alitangaza matokeo ya majaribio yake ya kupitisha mwanga wa jua katika kipande cha kioo chenye pembe tatu, akaonyesha kwamba mwanga tunaouona kuwa mweupe ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Katika kitabu chake cha mwaka 1704 alizipanga rangi hizo katika duara, na gurudumu la rangi lililobandikwa ukutani mwa darasa lenu ni mjukuu wa duara hilo. Hata hivyo, ndani ya mwanga wenyewe hakuna rangi tatu zilizo za msingi kuliko nyingine. Kuna mfululizo wa mawimbi, kuanzia takriban nanomita (sehemu za bilioni za mita) 380 upande wa zambarau hadi karibu 750 upande wa nyekundu. Idadi ya tatu inatoka machoni mwetu. Nyuma ya jicho la binadamu kuna aina tatu za seli zinazopokea rangi, moja ikisisimuliwa zaidi na mawimbi marefu, ya pili na yale ya kati na ya tatu na yale mafupi, na ubongo hulinganisha taarifa za hizo tatu ili kuamua umeona rangi gani.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kulidanganya jicho anahitaji taa tatu tu. Mwaka 1861 mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha jijini London picha ya utepe iliyopigwa mara tatu kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na buluu, kisha picha hizo zikaangazwa kwa pamoja ukutani zikatoa picha moja ya rangi. Skrini ya simu yako inafanya kazi hiyohiyo kwa vitone vidogo sana. Kila kitone, kiitwacho pikseli, kina taa hizo tatu, kila taa ina viwango 256 kuanzia 0 hadi 255, na ukizidisha 256 kwa 256 kwa 256 unapata rangi 16,777,216. Taa zote zikizimwa unaona nyeusi. Zote zikiwaka kikamilifu unaona nyeupe. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja unaona manjano, jambo linalowashangaza sana waliozoea kuchanganya rangi za maji.

Wino hauongezi mwanga bali hunyang'anya. Karatasi nyeupe inarudisha karibu mwanga wote unaoiangukia, na wino juu yake humeza sehemu fulani kabla mwanga haujarudi machoni. Sayani humeza nyekundu, majenta humeza kijani, na manjano humeza buluu, kwa hiyo rangi tatu za mchapishaji ni kinyume halisi cha rangi tatu za skrini, wala hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Nyeusi huongezwa kwa sababu wino tatu zikilundikana hutoa hudhurungi chafu badala ya nyeusi safi, huloweka karatasi, na herufi ndogo huonekana kuwa na kivuli endapo sahani za uchapishaji, yaani mabamba yanayobeba kila wino, zimeachana hata kidogo.

Nyekundu, manjano na buluu za shule ya msingi ni urithi wa wachoraji. Johannes Itten, aliyefundisha katika shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus nchini Ujerumani kuanzia mwaka 1919 hadi 1923, alijenga gurudumu lake lenye rangi 12 juu ya hizo tatu, na hadi leo linasaidia katika kuzungumza juu ya mpangilio wa rangi. Usilitegemee kuchanganya wino, kwa sababu nyekundu na buluu za kawaida zikikutana hutoa zambarau iliyofifia. Kazi ya skrini ifanye kwa hesabu ya taa tatu, kazi ya karatasi kwa hesabu ya wino nne, na gurudumu la Itten libaki daftarini kwa ajili ya kufikiria.

Mwalimu, nilibuni bango la tamasha la chuo kwa rangi ya kijani inayong'aa kabisa. Lilipotoka kuchapishwa, kijani ilikuwa imekufa, na kamati imekataa kunilipa. Je, mtambo ulikuwa mbovu?
Mwanafunzi, Nakuru

Jibu: Inawezekana mtambo haukuwa na kosa lolote. Kijani unayoipata kwa kuwasha taa ya kijani hadi 255 na kuzima nyingine mbili haipo katika uwezo wa wino wa sayani na manjano, kwa sababu sayani halisi, tofauti na ile ya vitabuni, humeza pia sehemu ya kijani ambayo ilipaswa kuiacha ipite. Zaidi ya hayo, skrini inatoa mwanga wake yenyewe ilhali karatasi inategemea mwanga wa chumba. Machungwa makali na buluu kali nazo huumia vivyo hivyo. Manjano kwa kawaida husalimika.

Dawa yake ni kubadilisha faili kuwa ya wino nne mapema, kabla mteja hajaipenda rangi usiyoweza kumpa. Programu nyingi za usanifu zina alama ya kuonya kwamba rangi uliyochagua iko nje ya uwezo wa uchapishaji, na wanafunzi wengi huipuuza wakidhani ni mapambo. Punguza pia mng'ao wa skrini yako unapofanya kazi usiku, kwa kuwa skrini iliyowashwa mno hukufanya uchague rangi zenye giza kuliko ulivyokusudia. Ikiwa rangi fulani ni lazima iwe ileile kila mara, kama ilivyo kwa nembo, kuna wino zinazochanganywa tayari kwa namba maalumu; mfumo wa Pantone unaojulikana zaidi ulianza mwaka 1963. Gharama huongezeka, kwa hiyo kwa bango la tamasha la chuo nisingekushauri.

Maandishi meusi yaandikwe kwa wino mweusi pekee, asilimia 100, wala si kwa mchanganyiko wa wino zote nne. Jumla ya asilimia za wino zote nne mahali pamoja isizidi takriban asilimia 300 kwenye karatasi laini inayong'aa, na iwe chini zaidi kwenye karatasi ya gazeti, la sivyo kazi itakauka kwa shida na kuchafua ukurasa wa jirani. Kuhusu malipo, siku nyingine chapisha kipande kidogo kwenye karatasi ileile itakayotumika, umpelekee mteja, naye atie sahihi. Kamati iliyotia sahihi kwenye karatasi haina njia ya kukulaumu kwa kilichoonekana simuni.

Nimesoma kwamba rangi zinazotazamana kwenye gurudumu hupendezana, nami nikaandika maneno mekundu juu ya kijani kwenye tangazo la mashindano ya kandanda. Mkufunzi amelirudisha akisema halisomeki. Kitabu kimekosea au mkufunzi ndiye mkali?
Mwanafunzi wa stashahada, Kakamega

Jibu: Mkufunzi wako ana haki, na swali lako ndilo lililonifurahisha zaidi mwezi huu, kwa kuwa linagusa pengo ambalo magurudumu ya rangi huliacha wazi.

Mwaka 1905 Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa Marekani, alichapisha mfumo uliotenganisha sifa tatu za kila rangi. Ya kwanza ni aina yake, yaani kama ni nyekundu, kijani au buluu. Ya pili ni mwanga wake, yaani iko wapi kati ya nyeusi na nyeupe. Ya tatu ni ukolevu wake, yaani imekolea au imefifia kuelekea kijivu. Gurudumu linaonyesha sifa ya kwanza peke yake. Mtu anayetumia gurudumu tu huchagua rangi akiwa amefumba macho mawili kati ya matatu, ikiwa mtaniruhusu kumpa msanifu jicho la ziada.

Jicho linaposoma herufi hutegemea zaidi tofauti ya mwanga. Nyekundu yako na kijani yako zilitofautiana kabisa kwa aina, lakini kwa mwanga zilikaribia kulingana, na ndiyo sababu kingo za herufi zilionekana kutetemeka. Tunaweza kulipima jambo hili. Miongozo ya kimataifa ya wavuti inayowalinda watu wenye matatizo ya kuona hutumia uwiano unaoanzia 1 kwa 1, pale ambapo hakuna tofauti yoyote, hadi 21 kwa 1, ambayo ni nyeusi juu ya nyeupe. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kufikia angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa angalau 3 kwa 1. Nyekundu kamili ya skrini juu ya kijani ya kiwango cha 128 hutoa takriban 1.3 kwa 1, yaani karibu sawa na kutoandika chochote. Weka nyeupe juu ya kijani hiyohiyo, upate zaidi kidogo ya 5 kwa 1. Manjano juu ya nyeupe, kosa ninaloliona kila wiki kwenye kadi za harusi, ni takriban 1.07 kwa 1, ilhali manjano hiyohiyo juu ya nyeusi hupita 19 kwa 1. Hii ndiyo sababu nasema hakuna manjano isiyosomeka. Kuna manjano iliyowekwa mahali pasipofaa.

Kumbuka pia kwamba kila aina ya rangi hufikia ukolevu wake mkubwa katika mwanga tofauti. Manjano iliyokolea kabisa ni angavu. Buluu iliyokolea kabisa ni ya giza. Ukilazimisha manjano iwe na giza itageuka kuwa rangi ya haradali, na ukilazimisha buluu iwe angavu itafifia na kuwa samawati. Kwa hiyo kuchagua rangi mbili zenye majina mazuri hakutoshi. Unachagua pia giza na mwanga bila kujua.

Kuna watu ambao kwao nyekundu na kijani hukaribia kuwa kitu kimoja. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya ni takriban mmoja kati ya 12, wanawake wakiwa wachache zaidi, na watu hao wapo kila mahali, wakiwemo mashabiki wa kandanda wa Kakamega. Wao hawatakuambia kwamba tangazo lako ni baya, watalipita tu.

Itazame bendera yetu ya Kenya, iliyopandishwa kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Kati ya nyeusi na nyekundu, na kati ya nyekundu na kijani, upo ufito mwembamba mweupe. Nyeupe hiyo huwakilisha amani, lakini kwa msanifu inafanya kazi ya pili ya kuzitenga rangi tatu zenye giza ambazo zingegusana kingo. Ukitaka kubaki na nyekundu na kijani zako, fanya vivyo hivyo: zitenge kwa nyeupe, au ifanye moja iwe ya giza zaidi na nyingine iwe angavu zaidi. Kabla ya kuwasilisha kazi yoyote, igeuze iwe ya kijivu kwenye programu yako. Maneno yakipotea, rangi haitakuokoa.

Nembo ya mteja wangu ni ya kijivu. Kwenye karatasi nyeupe ilikuwa sawa, lakini kwenye bahasha za manjano anadai nimeitia zambarau. Namba za rangi ni zilezile. Nimjibu nini?
Msanifu anayejitegemea, Kisii

Jibu: Mwambie kwamba anaona vizuri na wewe hukumdanganya. Rangi huvutwa na jirani yake kuelekea kinyume cha jirani huyo, na kinyume cha manjano kiko upande wa buluu na zambarau, kwa hiyo kijivu juu ya manjano huonekana kuwa na zambarau kidogo.

Aliyelichunguza jambo hili kwa makini ni mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, ambaye mwaka 1824 alipewa usimamizi wa idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa na nguvu zinapofumwa karibu na buluu na zambarau. Akazipima nyuzi hizo dhidi ya nyeusi za viwanda vingine na kukuta kwamba hazina kasoro. Tatizo lilikuwa majirani zao. Mwaka 1839 alitoa kitabu kizima juu ya kanuni hiyo. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1963, msanii na mwalimu Josef Albers alichapisha mazoezi ya darasani ya karatasi za rangi yanayotumia jambo hilohilo, na bado sijaona njia bora ya kulifundisha kuliko karatasi na mkasi. Kata vipande viwili vya kijivu kutoka karatasi moja, kimoja ukiweke juu ya manjano na kingine juu ya buluu, kisha umwombe mwenzako aseme kama vinafanana.

Kwa mteja wako, ongeza tone la manjano katika kijivu kitakachochapishwa juu ya bahasha, mpaka jicho likione kuwa kijivu tena. Namba zitatofautiana na nembo itaonekana ileile. Wapo wasanifu wanaoona kuwa kugusa namba za nembo ni dhambi. Mimi naona namba zipo kwa ajili ya jicho.

Je, ni kweli kwamba nyekundu huleta njaa na buluu huleta imani? Na ni rangi ngapi zinazoruhusiwa katika kazi moja?
Mwanafunzi, Kisumu

Jibu: Orodha za namna hiyo zinasambaa sana, nami ningependa mzitumie kwa tahadhari kubwa. Maana ya rangi hutegemea mno mahali, wakati na watu. Nyeupe ambayo hapa huvaliwa na bibi harusi huvaliwa na wafiwa katika sehemu kadhaa za Asia.

Wewe uliye Kisumu una mifano iliyo karibu zaidi. Katika kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005, upande uliounga mkono ulipewa alama ya ndizi na upande uliopinga ulipewa chungwa, na chungwa hilo ndilo lililokipa chama cha ODM jina na rangi yake. Tangu hapo, tangazo la rangi ya machungwa linalobandikwa mtaani Kondele husomwa kama la siasa kabla neno lake la kwanza halijasomwa, hata kama unauza magodoro. Vivyo hivyo kijani huwaita mashabiki wa klabu ya kandanda ya Gor Mahia, na buluu ikikaa na nyeupe huwaita wa AFC Leopards. Msanifu aliyeajiriwa na mfanyabiashara anayetaka kuwauzia mashabiki wa pande zote mbili afikiri mara mbili. Hakuna gurudumu litakalokuonyesha mambo haya. Yanapatikana kwa kutembea Kibuye siku ya soko na kutazama nani anatumia rangi gani.

Kuhusu idadi, hakuna sheria. Mgawanyo wa 60, 30 na 10, yaani asilimia za eneo zinazopewa rangi kuu, ya pili na ya kukoleza, unaofundishwa vyuoni ulitoka kwenye mapambo ya nyumba, na unafaa kama fimbo ya kutembelea kwa anayeanza. Ushauri wangu ni kuanza na aina moja ya rangi katika viwango vitatu au vinne vya mwanga, kisha kuongeza ya pili pale tu ambapo msomaji anahitaji kuonyeshwa jambo, kama vile bei au tarehe.

Mabango yangu ya nje hubaki na rangi ya buluu baada ya miezi ya jua. Nimekosea wapi?
Mwenye duka la mabango, Nakuru

Jibu: Katika wino nyingi za uchapishaji, majenta na manjano huharibiwa na jua mapema, ilhali sayani na nyeusi huvumilia, kwa hiyo kinachobaki kwenye bango la zamani ni buluu na kijivu. Nyekundu ndiyo inayopoteza zaidi, kwa kuwa imeundwa na hizo mbili dhaifu. Kwa bango litakalokaa muda mrefu upande unaopigwa na jua la mchana, jina la biashara na namba ya simu viandikwe kwa nyeusi au buluu ya giza, nyekundu itumike kwa mapambo yasiyobeba habari, na uwaulize wachapishaji kama wino wanaotumia ni wa kuhimili jua na kama wanaweza kuweka utando wa kukinga juu yake. Gharama ya utando huo mtajie mteja tangu mwanzo, kabla hamjapatana bei.